Mchagua Sufuria wa Kilibula

Wanawake wa mtaa wa Kilibula walikuwa na methali ya kumtania Bernardine kila wakimwona anageuza sufuria sokoni: mchagua jembe si mkulima. Naye, bila kuinua macho, aliwajibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa akiuza majembe mabovu. Kisha aliendelea na kazi yake, maana ilikuwa kazi, hata kama hakuna aliyemwajiri. Bernardine alikuwa mchaguzi wa sufuria. Katika mji wa Uvira wa miaka ile, ambako ungeweza kumpata fundi wa kila kitu isipokuwa fundi wa amani, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Usidhani ni mchezo. Nenda kanunue sufuria kwa macho tu, halafu uje unisimulie wiki ya tatu, bugali umeshika chini, masikio yameng'oka, umebaki na kifuniko mkononi. Sufuria mpya zote zinang'aa. Hata ile ya kukuaibisha mbele ya wakwe inang'aa. Bernardine hakuujali mng'ao. Alianza kwa kuipima mkononi, macho ameyafumba. Akaifudikiza kwenye saruji na kuisukuma kwa kidole aone kama inayumba. Akaiinua juani na kuingiza kichwa ndani yake, mzima mzima, akitafuta kitundu kinachopitisha mwanga, huku makalio yake yakiwachekesha watoto wote wa soko. Akaigonga kwa kifundo cha kidole cha kati na kusikiliza. Mwisho alitoa ndimu kwenye fundo la kitenge chake, akaikata, akasugua chini ya sufuria. Chuma kikigeuka cheusi palepale, aliirudisha kwa mwenyewe bila neno.

Hakuchukua malipo. Alichotaka ni kuitwa siku bugali wa kwanza unaposongwa humo, aone mwenyewe kwamba haukushika. Akisema nzuri, watu walinunua. Akisema mbovu, ilikuwa mbovu, na hata ungepewa bure usingeitaka.

Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Aliupata kwa uchungu. Bernardine alitoka kwenye uwanda wa Ruzizi, binti wa wakulima na mke wa mkulima, mtu wa muhogo na misa ya Jumapili. Vita vya kwanza vilipofika, mwaka wa 1996, yeye na mumewe André na binti yao wa pekee, Keza, walikimbilia ng'ambo, Burundi, mikono mitupu. Kule kambini alijifunza kwamba mtu asiye na sufuria hula wa mwisho. Unga alikuwa nao, kibaba kimoja cha mgawo, lakini unga haupikwi kiganjani. Ilibidi akae pembeni ya mafiga ya watu, asubiri wale, waoshe, ndipo aazime. André alishikwa na homa. Asubuhi moja Bernardine alizunguka vibanda saba akiomba sufuria ya kumpikia uji, na kila mmoja alimwambia ngoja kidogo, mama, bado kidogo. Aliporudi na sufuria, André alikuwa amekwisha kufa.

Mwezi uliofuata wakagawiwa sufuria za msaada, nyembamba kama jani la mgomba. Ya Bernardine ilitoboka kabla ya masika kwisha. Aliitupa mtoni kwa hasira, akaapa kwamba hatakaa tena bila sufuria, wala hatamwacha mwanamke yeyote anayemjua ashike sufuria ya kipuuzi. Waliporudi hakutaka kuona tena shamba la André. Alipanga chumba Kilibula, akauza unga wa muhogo mlangoni, na huo ndio ukawa mwanzo wa umaarufu wake. Kila bibi harusi aliyemchagulia vyombo alimpa maneno yaleyale, akimtazama usoni: "Mwanangu, nyumba inaweza kuachwa. Sufuria haiachwi."

Maneno mazuri. Shida ya maneno mazuri ni kwamba hayabaki kinywani mwa aliyeyasema.

Basi mwaka wa 2002 ikafika zamu ya Keza. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mkaidi kama mama yake, na alichumbiwa na Bertrand wa Kavimvira, kijana aliyewasaidia wafanyabiashara kujaza makaratasi ya forodha pale mpakani. Kijana hakuwa na baya. Baya lilikuwa Kavimvira. Kila jeshi lililoingia Uvira kutoka uwandani lilipita Kavimvira kwanza, na kila lililofukuzwa lilitokea hapohapo. Bernardine alipokubali mahari alikuwa anatabasamu. Lakini tangu siku hiyo hakutulia. Alikuwa anaanza kufagia, anaacha ufagio katikati ya uwanja. Anapima unga, anasahau hesabu, anaumwaga na kupima upya. Alitaka kitu kimoja tu duniani: siku ya kukimbia ikifika, mwanawe akimbie, tena upesi, asiwe na kinachomvuta nyuma.

Na hapo ndipo sufuria zilipomkaba koo. Kwa watu wa Uvira, bibi harusi huingia kwa mumewe na sufuria zake tatu, na siku ya kufunguliwa vyombo wanawake wa upande wa mume hukaa mkekani, wakizipokezana mmoja baada ya mwingine na kuzigonga. Sufuria nzito wataipigia vigelegele. Nyepesi wataiweka chini kimya, na kimya hicho ni kibaya kuliko tusi. Maana yake kila mtu anaijua: huyu ni mgeni tu hapa, akikasirika jioni, asubuhi yuko kwao na vyombo vyake kichwani. Kuna msichana wa Kalundu aliyeletwa na sufuria mbili nyembamba, na mama mkwe wake alimwita Mgeni mpaka alipozaa mtoto wa tatu. Bernardine aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyekuwa akiwasaidia wengine wasiaibike.

Asubuhi ya Jumatatu akaenda Mulongwe, kwenye duka la Mzee Tambwe. Tambwe alikuwa Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara waliofika ziwani enzi za mababu, na aliuza sufuria za kiwandani zilizovuka ziwa kutoka Kigoma, tano tano, moja ndani ya nyingine, hata mtoto anaweza kuzibeba. Alipomwona Bernardine ameshika moja, alicheka hadi kofia ikamteleza.

"Mama Keza! Leo unashika sufuria ya karatasi? Weye mwenyewe ulisema hizi ni za kuchemshia mayai ya njiwa."

"Nilisema. Nipe nione."

"Ni za nani?"

"Za Keza."

Tambwe aliacha kucheka. Aliirekebisha kofia yake. "Mama, minye niko mufanyabiashara, nikiuza ninafurahi. Lakini utapeleka hizi ku Kavimvira, kwa Mama Niyonsaba, mama mukwe yake? Bale bamama batagonga, na aibu itasikika mpaka Kalundu."

"Iko nyepesi," Bernardine alisema. "Mutoto anaweza kukimbia nayo na mukono moja."

"Ndiyo, njo shida yenyewe. Bote bataona iko ya kukimbia."

Alizinunua. Jumanne akazirudisha. Jumatano, baada ya kusikia kwa mnunuzi wa unga kwamba askari wameongezwa kwenye barabara ya uwandani, akaenda kuzichukua tena, na Tambwe akampa kiti, akamwambia kaa kwanza unywe chai, mama, moyo wako unakimbia kuliko miguu. Bernardine hakukaa. Alikunywa chai amesimama, akaacha nusu, akaondoka na sufuria kwapani.

Keza alizikuta nyuma ya mlango, chini ya gunia. Aliitoa ile kubwa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyofundishwa tangu utoto, ikalia ting, mlio mwembamba wa kikombe.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni sufuria."

"Hii haiko sufuria. Weye unapenda bantu ba Kilibula kuliko minye? Binti ya Mama Feza ulimuchagulia sufuria ya kuvunja kichwa ya ng'ombe. Minye mutoto yako, unanipa hii?"

"Keza, kule ni Kavimvira. Vita ikianza..."

"Vita inaanza kila siku!" Keza alikuwa analia sasa, na hakuwa mtu wa kulia. "Nikiingia kwa Bertrand na hii, ni kama nimeshasema nitaondoka. Minye sitaondoka. Ninamupenda. Ninataka kukaa, Mama. Unipe siku moja ya kuingia kama muntu anakuja kukaa."

Bernardine alikuwa na majibu mengi ya barabara, ya askari, ya homa ya kambini, lakini yote yalikuwa ya mtu wa kukimbia. Alizirudisha kwa Tambwe kwa mara ya mwisho. Tambwe, Mungu ambariki, alimrudishia pesa zake zote.

Ijumaa mama na binti wakaenda kwa fundi Sévère, aliyekuwa akiyeyusha na kumimina sufuria kando ya mto Mulongwe, kwa sababu mchanga wa pale hushika umbo vizuri. Mtu huyo hakupungukiwa na chuma miaka ile. Vita vilimletea vipande vya injini, fremu za madirisha, sufuria za nyumba zilizoachwa wazi, na vyote viliingia tanuruni bila kuulizwa vimetoka wapi. Bernardine naye hakuwahi kuuliza. Ukitaka kujua kila sufuria ya Uvira ilikuwa nani kabla ya kuwa sufuria, utakufa na njaa.

Sévère alitoa kwanza ile kubwa ya sufuria tatu, kwa mikono miwili. Ilikuwa ya bugali wa watu kumi na wawili, kitako kinene kama kiganja cha mtu mzima, masikio yamemiminwa pamoja na mwili, hayakupigiliwa. Bernardine akaanza kuipima, na siku hiyo alipima kama adui. Aliifudikiza mahali patatu tofauti ili iyumbe, haikuyumba. Alikaa na kichwa ndani yake mpaka Sévère akauliza kama amelala. Aliigonga pande zote, ikamjibu pande zote kwa sauti moja ya chini, nzito. Alimaliza ndimu mbili. Chuma kilibaki cheupe. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliudhika kwa sababu sufuria haina kasoro.

"Mama, iko aje?" Keza aliuliza. Alikuwa amefunga mikono kifuani kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Bernardine aliutazama mto, akaitazama barabara ya Kavimvira, akarudi kwenye sufuria.

"Iko nzuri," alisema.

Harusi ilikuwa mwezi wa tano, na ya kufana. Mama Niyonsaba, mama yake Bertrand, mwanamke mnene wa sauti kubwa na goti bovu, aliipokea sufuria ile mapajani, akaigonga mara moja, akafumba macho kana kwamba anasikia kengele ya kanisa. "Bamama," alisema, "huyu amekuja kukaa!" Vigelegele vikapanda mpaka mpakani. Bernardine alivimba kwa fahari. Asingekuwa binadamu kama asingevimba. Kisha shangazi wa bwana harusi akamwomba mama wa bibi harusi aseme neno, naye akasimama, akamtazama binti yake usoni, na mdomo ukafanya ulichozoea kufanya: "Mwanangu, nyumba inaweza kuachwa. Sufuria haiachwi."

Alipokuwa anarudi Kilibula kwa miguu, kitenge kipya kinamkwaruza kiunoni, alisimama ghafla njiani. Alitamani kurudi kumwambia Keza kwamba hakuwa na maana hiyo, kwamba yale yalikuwa maneno ya harusi tu. Lakini utarudije kwenye nyumba ya wakwe, ngoma bado inalia, ukaseme mwanangu, siku ile ikifika utupe kila kitu? Aliendelea kutembea. Alijikasirikia njia nzima, na kwa miezi mitano hakuacha.

Alikwenda Kavimvira mara nyingi mno kwa mama wa mke, mpaka Niyonsaba akaanza kumtania kwamba na yeye anataka kuolewa pale. Kila alipokwenda, alipanga kusema, na kila alipofika alimkuta Keza anasugua ile sufuria kwa majivu, inang'aa juani mbele ya mlango ili wapita njia waione, na tumbo limeanza kuonekana. Mara moja tu alijaribu. Alisema, "Keza, siku ikiharibika, usijali vyombo." Keza alicheka. "Mama, unanipima? Ninakumbuka maneno yako." Na kwa kuwa Niyonsaba alikuwa anatoka jikoni, Bernardine aliinamisha kichwa na kuomba maji ya kunywa.

Mwezi wa kumi siku ikaharibika. Watu wenye silaha walishuka kutoka milimani wakaushika mji, na waliokuwa wakiushika wakatoka. Siku chache watu walipumua, wengine walicheza hata ngoma. Halafu asubuhi moja mizinga ikasikika uwandani, na habari ikaruka ua kwa ua: waliotoka wanarudi, tena kwa hasira, na wanakuja kwa njia ya Kavimvira. Kilibula nzima ilifunga mizigo. Bernardine hakufunga kitu. Alivaa ndala, akaufunga mlango, akasahau ufunguo kwenye kufuli, akaenda kaskazini kwa mwendo ambao si kukimbia wala si kutembea. Alipovuka daraja la Mulongwe alikuwa anaongea peke yake. Atakuwa ameshavuka, alisema. Ana akili, atakuwa ameshavuka. Mpaka uko pua na mdomo na nyumba yao.

Keza hakuwa amevuka. Bertrand alikuwa upande wa Burundi tangu juzi kwa kazi yake, na njia ya kurudi imefungwa. Niyonsaba, kwa sababu ya goti, alitangulia alfajiri na majirani, akamwambia mkwewe afunge vyombo na kumfuata. Ua ulikuwa mtupu. Katikati yake Keza alikuwa amepiga magoti, anachimba shimo kwa mwiko wa bugali, jasho linamtiririka, na sufuria tatu zimepangwa kando kama watoto wanaosubiri kuogeshwa.

"Unafanya nini?" Bernardine alipiga kelele.

"Ninazizika. Udongo ni mugumu."

"Simama! Askari bakiona udongo mupya njo bananza kuchimba. Simama twende!"

Keza alisimama. Alivitazama vidole vyake vilivyochubuka, kisha akafanya kitu ambacho Bernardine alikuwa akikiogopa tangu siku ya harusi: alizitia zile mbili ndogo ndani ya ile kubwa, akakunja kitenge kuwa ngata, akaupandisha mzigo kichwani.

"Keza, hapana. Acha."

"Siwezi kuacha, Mama. Mama mukwe atanikuta kule, ataniuliza iko wapi. Nitamujibu nini? Bote basikie nilikuja kukaa, na siku ya kwanza ya risasi nimetupa?" Aliikaza ngata kwa mkono mmoja. "Weye njo ulisema haiachwi. Mbele ya bantu bote."

Kishindo kikapiga karibu na kilima, bati za nyumba zikalia. Hapakuwa na muda wa kubishana, na Bernardine alimjua binti yake: ungemvuta mkono ungebaki na mkono. Alimshika kiuno, wakatoka.

Barabara ilikuwa imejaa. Magodoro, kuku, vikongwe kwenye mikokoteni, mwanamume mmoja na mlango wa nyumba yake mgongoni, vitasa na vyote. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Keza alienda hatua mia moja, mia mbili, shingo imesimama wima, mkono mmoja kwenye sufuria na mwingine chini ya tumbo. Watu waliwapita kushoto na kulia. Bernardine aliangalia nyuma kila baada ya hatua tatu. Aliwaza ule uzito alioupima kwa mikono yake mwenyewe, kitako kile kinene alichokipapasa kwa Sévère, na kila kitu alichokuwa amekisifia sasa kilikuwa kinamkandamiza mwanawe. Keza alijikwaa. Alijishika, akaendelea. Akajikwaa tena, na mara hii akaguna kwa sauti ambayo mama yake hakuipenda, mkono wa tumboni ukikaza.

"Leta," Bernardine alisema, na hakungoja jibu. Aliutoa mzigo kichwani mwa binti yake, akaupandisha kichwani mwake mwenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na nane na alikuwa hajala tangu jana. Alihesabu hatua thelathini. Kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Mbele yao kizuizi cha mpaka kilionekana, mbali bado, na umati unasukumana. Nyuma yao mtu alipiga yowe kwamba askari wameonekana, wameonekana kwenye mashamba.

Bernardine alisimama. Alitoka pembeni ya barabara, akachutama, akaiweka sufuria kwenye nyasi. Aliiweka taratibu, hakuitupa. Mikono yake haikujua kuitupa.

"Mama!"

"Nilikosea," Bernardine alisema. "Usikie vizuri, sitasema mara mbili. Nilikosea, mbele ya bantu bote. Baba yako alikufa minye niko natafuta sufuria, nikazani ni sufuria ilimuua. Haiko sufuria, Keza. Ilikuwa homa, na vita. Mama mukwe yako nitamujibu minye."

Keza alimtazama mama yake kama mtu aliyemwona akivua nguo kanisani. Aliinama, akaigusa sufuria kwenye sikio, akauondoa mkono.

Wakati huohuo mwanamke mmoja alichomoka kwenye umati na kusimama mbele yao. Alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na kifurushi cha nguo kichwani, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Hata kopo hakuwa nalo. Aliitazama sufuria, akawatazama wao, akaitazama tena. Kwa haraka ya mtu anayeiba, alichutama na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kwa sauti ile ya chini, nzito. Uso wa mwanamke ukabadilika.

"Munaiacha?" aliuliza. Kisha akamkazia macho Bernardine. "Ee Mungu. Weye si njo Mama Keza, wa Kilibula? Wa masufuria? Ulimuchagulia dada yangu." Alikuwa ameshaanza kukitoa kifurushi kichwani ili kutengeneza nafasi. "Mama, niambie tu, weye njo unajua. Iko nzuri?"

Bernardine aliwatazama wale watoto wawili. Wa mgongoni alikuwa amelala, mdomo wazi. Wa mkononi, msichana wa miaka minne hivi, alikuwa na kiatu mguu mmoja tu. Alikumbuka kibaba cha unga na vibanda saba. Alijua kule ng'ambo sufuria ile ingelisha familia tatu. Alijua pia ni hatua ngapi zimebaki mpaka kizuizini.

"Iko mbovu," alisema. "Ina tundu ku chini. Ilinidanganya hata minye. Rudisha mutoto mukononi, mama, ukimbie."

Mwanamke hakubisha, neno la Mama Keza lilikuwa neno. Aliitazama sufuria mara ya mwisho kwa masikitiko, akamnyakua msichana, akambeba ubavuni, kifurushi kikirudi kichwani, na bila mzigo mwingine akaanza kukimbia. Bernardine alisimama palepale akimfuata kwa macho, machozi yanamtoka bila sauti, mpaka alipomwona amepenya kizuizini na watoto wake wote wawili. Ndipo Keza akamshika mkono, nao wakaingia barabarani.